Nitoe Pikipiki Zipi Mama Mkwe Apate Chumba?

Mpendwa mshauri, kwanza namshukuru Mungu aliyeniwezesha kushika kalamu, pili naomba msaada wako, maana jambo hili nimeliombea mpaka magoti yameota sugu na bado nipo palepale. Mimi ni mama wa makamo, fundi cherehani, mume wangu ni dereva wa lori, mtu mpole sana, na ugonjwa wangu, kama wengine walivyo na ugonjwa wa viatu au wa vyombo vya kabatini, ni pikipiki. Ninazo nne na zote zinalala ndani, kwenye chumba cha chini kilicho jirani na choo, nimezishonea hadi mashuka ya kuzifunika vumbi lisiziguse.

Ya kwanza naiita Punda, ndiye wa kazi, nambebesha majora ya vitambaa na sare za wateja. Mzee niliachiwa na marehemu baba, ndiyo aliyonifundishia kuendesha wakati watu wanasema msichana atavunjika kiuno, na hata leo nikikaa juu yake namsikia baba akinifokea, "Achia klachi polepole, we mtoto!" Malkia ni kubwa, inang'aa kama sinia jipya, ila miguu yangu haifiki chini vizuri kwa hiyo naipangusa tu. Ya nne inaitwa Mgeni, kwa sababu siku nilipoileta mume wangu aliuliza ni ya nani, nikamwambia ni mgeni tu huyo, anapita, na mshauri, mgeni huyo mpaka leo hajaaga.

Sasa mama mkwe, anayekaa ghorofani kwa shemeji yangu, ameteleza kwenye ngazi akaumia nyonga, daktari amesema ngazi basi, na katika watoto wake wote ni sisi peke yetu tuna chumba cha chini. Usidhani simtaki, nilipojifungua kwa upasuaji ni yeye aliyeniogesha kama mtoto na hakuwahi kunisimanga. Lakini kibaraza cha nyuma chenye paa kinaingiza pikipiki mbili tu, kwa hiyo mbili lazima zitoke, na wifi yangu, ambaye ulimi wake haujui mapumziko, aliniambia mbele ya watu, "Hongera wifi, pikipiki zako zina chumba na choo, mama yetu ana ngazi." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, huku moyo unaniuma.

Nikamwambia Mungu, Baba, nitapiga kiki moja moja, itakayowaka inabaki, itakayogoma inauzwa. Ila wiki nzima kabla ya hapo nilishasafisha plagi na kabureta za zote nne, nikijiambia nazipa haki sawa. Zote zikawaka papo hapo. Chumba kikajaa moshi, nikainua mikono, nikatoa machozi ya shukrani kwamba Mungu amekubali zote zibaki, kumbe mume wangu amesimama mlangoni, akasema kwa sauti yake ileile ya upole, "Mama watoto, hilo si jibu la Mungu, hilo ni jibu la plagi," akageuka akaenda zake bila kungoja niseme neno.

Halafu mama mkwe mwenyewe akanipigia. "Mwanangu, usiuze vitu vyako kwa ajili yangu, nimeshajifunza kushuka ngazi kwa makalio." Mshauri, mama wa watu anashuka kwa makalio na mimi pikipiki zangu zimefunikwa shuka! Nimeamua, mbili zinatoka na sirudi nyuma. Ila zipi? Nikishika moja, zile nyingine zinanitazama. Niambie, nami nitafanya.

Ni mimi, fundi mwenye chumba kilichojaa

*

Dada yangu fundi, nimecheka, kisha nikakasirika. Umetunga mtihani, ukawapa wanafunzi majibu wiki nzima, halafu unamshukuru Mungu kwamba wote wamefaulu! Mungu hakuingia humo chumbani, dada, ni moshi tu. Na mumeo hakuondoka kwa sababu ya pikipiki. Yule ni mama yake, na wewe ulikuwa umeinua mikono kushukuru kwamba amekosa chumba.

Pole lakini. Mwanamke wa umri wetu akiwa na kitu alichokinunua mwenyewe, kwa sindano yake, kukiachia si mchezo, na wifi yako hilo halijui. Mwache aseme.

Umekwama kwa sababu unajiuliza unaipenda ipi, na wewe unazipenda zote. Punda anabaki, anawalisha, hapo hatujadiliani. Malkia auzwe, tena awe wa kwanza: pikipiki ya kupangusa ni kabati, na kabati la kukaa katikati ya chumba cha mgonjwa hatulitaki. Wamebaki Mzee na Mgeni. Isome tena barua yako. Mzee umemwandikia sauti ya baba yako. Mgeni umemwandikia uongo uliompa mumeo, basi, hata rangi yake hukuitaja. Kalamu yako imeshachagua, wewe ndiye hujaifuata. Mgeni aage. Na jioni ya leo mwambie mumeo wazi kwamba ilikuwa yako tangu siku ile. Anajua, lakini mwambie.

Uza kwa mtu anayejua kuendesha, ajaribu mbele yako, na jina kwenye kadi libadilishwe siku hiyohiyo. Usimpe ndugu wa "nitakulipa polepole", utakuwa kila siku kwake unaitembelea pikipiki. Punda na Mzee waende kibarazani na mashuka yao. Nakuonya mapema: usije ukamrudisha Mzee kwenye kona ya chumba cha mama ukasema ni kwa sababu ya mvua, ni kwa muda tu. Tunajua kwako muda unavyokuwa mrefu.

Mwite fundi wa vyuma afunge chuma cha kushikia ukutani, kuanzia kitandani mpaka mlango wa choo. Pazia la chumba utalishona mwenyewe.

Na mnunuzi usimngoje. Hizo mbili zisukume leo kwa fundi wako wa pikipiki, ziuzwe hukohuko. Ukirudi, mpigie mama mkwe. Usimuulize kama angependa kuja, atakataa kwa adabu na wewe utapumua. Mwambie, "Mama, Jumamosi tunakuja kukuchukua." Akianza habari za makalio, mwambie tena, "Jumamosi, mama." Kisha kata simu, chukua brashi na sabuni, maana sakafu bado inanuka petroli.