Wosia Wako Sitaupiga Chapa, Baba

Lizaboni, Songea

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo umekuachia? Shangazi Asumini aliniambia umerudi kulala kwenye mkeka kwa sababu godoro linakuumiza, nikasikitika, maana godoro lenyewe nililichagua mimi. Kama halikufai mpe yeye, usione haya kwa ajili yangu. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Rukia anaota meno ya juu, basi ameamua mama yake asikae wala asilale. Barua hii naiandika yuko mgongoni, na kila nikisimamisha kalamu analia, kwa hiyo ukiona mwandiko unayumba ujue tulikuwa tunatembea.

Korosho zimefika salama. Na ile karatasi uliyoificha katikati ya mfuko nimeiona.

Sikupiga simu kwa sababu simu yako unaiweka sauti ya nje, na baraza zima hapo Nalasi linajua mjukuu wako ameharisha mara ngapi. Hii vaa miwani usome mwenyewe. Usimpe Hassani akusomee, na baadaye utaona kwa nini.

Umeniandikia niupige chapa wosia wako, nigonge muhuri wa ofisini kwetu, nikurudishie utie sahihi. Mikorosho yote ya bondeni na nyumba unanipa mimi. Kaka Hassani hukumwandika popote. Karatasi hiyo nimetembea nayo wiki tatu kwenye mkoba wa nepi za Rukia. Kabla sijakujibu, acha nikusimulie jambo lililonikuta kazini, kwa sababu jibu langu limetoka huko.

Unajua ofisi yetu ina wakili mmoja tu, yule mama niliyekuambia hanywi chai mpaka kazi iishe. Mawakili nao husoma kila mwaka, hata wenye mvi. Safari hii alikwenda semina ya mambo ya wosia na mirathi, na aliporudi hakuvua hata koti. Akaniambia nishushe mafaili yote ya wosia kutoka kabatini. Akawa anafungua moja moja na kuniuliza swali lile lile: siku mwenye wosia alipotoa maneno haya, chumbani alikuwamo nani?

Tukafika kwenye faili la bibi mmoja wa Matogoro. Bibi huyo aliletwa na mpwa wake siku ambayo Wakili alikuwa mahakamani, nami nikawapokea. Hajui kusoma, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza, yeye ni Kingoni tu. Mpwa akawa anasema, mimi nachapa. Nyumba ikaandikwa ya mpwa. Nikamshika Bibi dole gumba nikalichovya kwenye wino. Mpwa akatia sahihi ya shahidi, na shahidi wa pili nikawa mimi, binti yako. Wakili aliporudi aliukuta wosia umeshapangwa kwenye faili, na kwa kuwa ulikuwa na mashahidi wawili hakuuliza zaidi. Nilijiona nimefanya kazi safi, hata nafasi za aya zilikuwa sawasawa.

Nikamwambia Wakili ukweli kwamba mpwa ndiye aliyesema, Bibi aliitikia kwa kichwa.

“Aliitikia nini?” akaniuliza.



Akaagiza Bibi aletwe tena. Mpwa alipotaka kuingia naye, Wakili akamkaribisha kwa heshima zote kwenye benchi la nje, akampa soda, kisha akafunga mlango. Akamsalimia Bibi kwa Kingoni, wakaongea habari za mahindi na za miguu inayovimba. Ndipo akamuuliza, anadhani ile siku alibonyeza dole kwa ajili ya nini. Bibi akasema ni karatasi ya matibabu. Kwamba mpwa alimwambia wazee wote wanaandikishwa.

“Na nyumba yako, Bibi, ni ya nani ukiondoka?”

Bibi akamtazama kama anaulizwa jua linatokea wapi. “Ya binti yangu wa Mbinga. Nani mwingine? Si ndiye anayekuja kunikata kucha?”

Wosia ule ukafutwa, wakaitwa mashahidi wa ukoo na wasio wa ukoo, ambao hakuna hata mmoja anayepata kitu, ukaandikwa mwingine na Bibi akasomewa mara mbili kwa lugha yake. Wakili alisema kosa ni lake, maana yeye ndiye mwenye ofisi na hakulikagua faili. Lakini Bibi alipotoka, Wakili alinigeukia mimi pia.

“Mama Rukia, hukuiba kitu,” akasema. “Ila uliandika maneno ambayo hukuyasikia kwake.”

Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kuchapa.

Tangu hapo, kila Jumatano kabla ya kufungua mlango anatufundisha mimi na karani mwenzangu, Kaka Damas. Mmoja anakuwa mzee, mwingine anamhoji. Damas akiwa mzee ni kichekesho, anajifanya kiziwi na hasemi neno mpaka aahidiwe chapati. Siku moja nikamuuliza, “Babu, shamba unampa mwanao mkubwa, siyo?” Wakili akagonga meza, akasema nimeshamgawia mali yake. Mzee anaulizwa ana nini, ana nani, anataka nini, halafu unanyamaza. Na akija na hasira anasikilizwa, anaandikiwa, kisha anapangiwa siku nyingine arudi aseme tena. Akisema vile vile, basi.

Sasa karatasi yako, Baba. Ina hasira. Sijaijua kwa maneno, nimeijua kwa kalamu, maana pale ambapo jina la Hassani lilitakiwa kuwepo umekandamiza mpaka pametoboka. Najua ni ile mikorosho mizee aliyoikata bila kukuuliza, eti bwana shamba kasema apande miche mifupi. Alikosea kutokukuuliza, na nimemwambia. Lakini ni yeye anayeipulizia mikorosho dawa ya salfa kila msimu mpaka macho yanakuwa mekundu, si mimi. Mimi huja kuokota za kutafuna na kuondoka.

Najua pia umeniandika mimi kwa huruma, kwa kuwa namlea mtoto peke yangu. Nimeisoma mara nyingi nikauona moyo wako. Lakini sitaupiga chapa. Sitauandika, sitaugonga muhuri, sitautia mkono wangu hata kwenye bahasha yake. Nikiandika wosia unaonipa mimi mali, nakuwa yule mpwa wa Matogoro, na Hassani hatakanyaga tena mlangoni kwangu, naye atakuwa na haki.

Wakili sikumwonyesha karatasi yako. Nilimwambia tu baba yangu anataka kuandika. Anakungoja. Atakuuliza unataka mambo yako yaende kidini, kimila au kwa sheria ya serikali, kwa hiyo kaa kwanza na Shehe akueleze mafungu ya watoto. Na kumbuka, mikorosho umeipanda kwa jembe lako, lakini ardhi ya bondeni ni ya ukoo wa marehemu Mama. Huwezi kumpa mtu isiyo yako, hata mimi.

Nimekurudishia karatasi yako humu ndani. Ichane au itunze, ni yako.

Nisalimie Shangazi Asumini, mwambie kanga nimeipata na Rukia ameshaitapikia. Nisalimie Mjomba mwenye mashine ya kusaga na mkewe. Nisalimie yule jirani yetu wa mandazi, aniwekee yangu mawili. Na Hassani umsalimie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Hilo nakuomba.

Msimu ukiisha njoo. Nitakupokea stendi, nitakupeleka mpaka mlango wa ofisi, halafu nitakaa kwenye benchi la nje na mjukuu wako mgongoni, kama wenzangu wote wanaoleta wazee wao. Hata ukitoka humo umempa Hassani kila kitu, mimi nitakuuliza tu kama una njaa.

Ni mimi binti yako ninayekupenda,
Zuhura, Mama Rukia