Pikap Iliyolilia Viazi

Koko wangu, mugongo unaendelea namna gani? Hapa Goma Tonton, mujomba wangu, anatafuta pikap ya mazuti, yaani ya dizeli, ya kutufikisha kwako Masisi mbele ya Noeli.

Amepata mbili, moja mupya na moja ya zamani. Jana tulijaribu ya mupya. Niliiombea kimoyomoyo ichaguliwe, juu ile ya zamani inawaka kwa kusukumwa, na mimi nina haya. Tonton akaweka gunia la viazi kwenye kiti, gari ikaanza kulia: inataka viazi vifunge mukaba. Nikavifunga. Kwenye matope ya Kibati ikawasha taa nyekundu, ikazimika. Fundi akaitazama, akasema, "Papa, hii inaomba kompyuta. Mimi niko na nyundo."

Leo tukajaribu ya zamani. Ikazimika mbele ya masomo yetu kabisa, kwenye mulango wa shule. Mimi ninayeshindwa hata kujibu "prezan" jina langu likiitwa darasani, nikajikuta ninaita, "Mukuje mutusukume!" Wakakuja wote, hadi mwalimu wa hesabu, na ikawaka.

Tonton ameichagua hiyo. Basi Koko, utuwekee nafasi ya kuiegesha juu ya muteremuko, kusudi siku ya kurudi tusikusukumishe wewe. Nakukumbatia polepole, juu ya ule mugongo.

Mujukuu wako, Neema