Ndege Inayoruka Kichwa Kikitulia

Kaka Eli,

Shikamoo. Haya, pokea. Maisha yote ulinidai hiyo shikamoo eti umenizidi miaka miwili, na mimi nikakataa. Sasa nimeitoa na huna wa kumringia.

Huku tangu tukuzike, baada ya ile ajali ya pikipiki, usingizi umenihama. Nikijilaza tu, kichwa kinawasha redio. Meza yetu ya viatu vya mitumba hapa mtaani Levolosi iko vilevile, ila naita wateja, katikati nasahau nauza nini. Nikamuuzia mama mmoja viatu viwili vyote vya kushoto. Alivyorudi nikajua leo natukanwa. Akaniangalia machoni, akasema, "Mdogo wangu, wewe hulali." Kumbe ni nesi, sista Zuhura, wa kliniki moja kule Njiro. Akasema wameleta mashine ya kuuzoesha ubongo utulie, wanatafuta watu wa kuanza nao, bure. Bure mimi nimeikataa lini?

Basi nikakalishwa mbele ya TV, nikapachikwa waya kichwani na mafuta mazito ya kunata. Si unajua ukoo mzima tulinyoa kwa ajili yako? Sista akapapasa upara wangu, akafurahi, "Kichwa chako raha, waya zinashika zenyewe." Nikamwambia, "Sista, mkinikaanga, ugali mnao?" Akacheka, akasema mashine haiingizi umeme, inasikiliza tu. Kwenye TV kuna ndege. Kichwa kikitulia, inapaa. Kikichafuka, inashuka.

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, kaka. Nikiwa siwazi kitu, inapaa. Ukija wewe kichwani, na ile barabara, na ile ndala yako moja tuliyoikuta mtaroni, inashuka mpaka chini kabisa. Nikamuuliza sista, "Hii mashine ina ugomvi na kaka yangu?" Akasema, "Haimjui hata jina. Tazama ndege."

Nikatazama. Nikaenda tena na tena. Halafu siku moja nikalala mpaka jua likaniwakia usoni. Nikapiga mswaki, nikaanza chai, nikatania watu, ndio nikashtuka: sijakuwaza hata mara moja. Eli, niliacha chai nikalia. Kwa hiyo kupona ndio huku? Wanakufuta polepole, mimi nimekaa natazama katuni?

Nikaacha kwenda. Usingizi nao ukaondoka tena. Nikapanda mlimani nyumbani kumwona mama; habari za kliniki nilishamsimulia kwa simu. Akaona macho mekundu, akaona na upara, wakati wengine wote nywele zimesharudi. Akaniuliza, "Hicho kichwa unanyoa kwa ajili ya Eli au kwa ajili ya waya?" Nikabaki kujikuna upara. Mimi! Mimi ambaye mteja hajawahi kunishinda mdomo! Akasema, "Nimezika mmoja. Nguvu ya kuzika wa pili sina."

Nikarudi Njiro.

Safari hii ulivyokuja sikukufukuza. Ila hukuja na barabara. Ulikuja na lile blanketi letu la utotoni, baridi ya mlimani inaingia chini ya mlango, mimi navuta, wewe unavuta, halafu unaninong'oneza, "Acha, we! Chui akisikia kelele anakujaga." Naachia. Mjinga mimi. Unajifunika lote.

Na ndege ikapaa, Eli. Ikakaa hukohuko juu mpaka sista akazima. Akauliza, "Leo umewaza nini?" Nikamwambia, "Blanketi."

Sasa ndio sielewi kabisa. Wewe ndiye unayeiangusha, na wewe huyohuyo unaipaisha? Sista naye nikimbana anasema hata yeye hajui yote, twende tu. Sijui ni mashine, sijui ni wewe, sijui ni mama na maombi yake ya alfajiri. Ila nalala. Na mama nikimpigia simu akasikia sauti yangu, anacheka kabla sijasema kitu.

Kwa hiyo nakuahidi, nitaendelea kwenda. Nywele naziacha ziote, sista atahangaika nazo mwenyewe. Mama hatazika wa pili, labda aniue yeye mwenyewe kwa kuchoshwa na mdomo wangu.

Lala, kaka. Asubuhi nisipokukumbuka, usinune. Nitakupitia mchana.

Mdogo wako,
Frenki