Mchanga Juu ya Mfereji Wako

Papa,

Mvua imeanza tena. Ulituacha wakati wa kiangazi, vumbi tupu, kwa hiyo mvua ya mwaka huu hukuiona na mimi ndiye wa kukupa habari zake. Habari si nzuri. Ukuta wa nyuma wa chumba chako umeanguka. Usishtuke, Maman ni mzima, alikuwa jikoni. Sasa analala sebuleni pamoja nami na watoto, na kitanda chako tumekifunika turubai kwa sababu hakuna pengine pa kukiweka.

Nilitaka kuanza na salamu, lakini ninakujua. Ungeniuliza kwanza habari za mfereji wa mbele ya nyumba. Hata kwenye kitanda cha kituo cha afya, mvua za mwisho zilipopiga bati, ulifumbua macho ukaniambia, "Nabintu, umefungula mufereji?" Muuguzi alidhani homa imekupanda kichwani. Mimi nilicheka, kisha nikatoka nje nikalia.

Mfereji umeziba, Papa. Ngoja nikueleze kilichouziba, ingawa mkono unakuwa mzito.

Unaikumbuka redio yako ya dirishani. Kila asubuhi uliifungua ukinywa chai, na kila waliposema uchumi wa nchi unakua, ulitugeukia sisi kana kwamba sisi ndio mawaziri: "Uchumi iko inakomea. Muzuri. Lakini inakomea kwa nani?" Halafu ulichukua jembe lako ukaenda kufungua mifereji ya mlima mzima. Ile siku walipowaita wewe na wenzako, wakawaambia Serikali inapunguza matumizi na hapa kwetu hakutakuwa tena na watu wa barabara na mifereji, ulirudi nyumbani, ukatundika salopeti yako, ile nguo ya kazi ya buluu, kwenye msumari, ukala, ukalala. Kesho yake ukaivaa tena. Maman akakuuliza unakwenda wapi nayo na kazi imekwisha. Ukamwambia, "Kazi iko. Mushahara ndiyo haiko." Mpaka ulipougua, mfereji wetu haukupata kuziba hata mara moja.

Redio ingali pale dirishani, na bado inasema yale yale, tena kwa sauti ya furaha kuliko zamani. Wala hawadanganyi. Huo ukuaji ninauona kwa macho yangu, umesimama juu ya nyumba yetu. Kile kiwanja cha mipera, pale nilipovunjika mkono nikiwa mdogo, sasa ni nyumba ya ghorofa tatu yenye vioo vya buluu. Mwenyewe simjui, nimemwona mara moja tu kupitia dirisha la gari. Na waliomjengea, mmoja wao ni mimi.

Ndiyo, Papa. Ninabeba mchanga. Lori haliwezi kupanda njia yetu, linaumwaga kule chini barabarani, na sisi wanawake tunaujaza kwenye mifuko, tunaweka mkanda kwenye paji la uso, tunapanda tumeinama. Waziri akisema redioni kwamba wananchi tufunge mkanda, ninacheka peke yangu. Yeye wake uko kiunoni, wangu uko kichwani. Jioni nikiuvua bado ninausikia pale pale, kana kwamba kuna mtu ananivuta kwa nyuma.

Sitaki kukudanganya. Mchanga ule unatulisha. Kabla ghorofa haijaanza nilikuwa nimekaa tu, watoto wanakunywa uji wanalala. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama ukuaji wao umenifaa, nitasema ndiyo, nitasema hapana, na yote mawili ni kweli. Hilo ndilo linalonichosha kuliko mzigo.

Kapita, msimamizi wa ujenzi, alituonyesha pa kumwaga: pale kwenye kona, upande wa juu wa mlango wetu. Kwenye mdomo wa mfereji wako. Siku ile ile ya kwanza nilimwonyesha. Aliangalia majani yaliyoanza kuota ndani, akasema, "Hii kanivo iko ya nani? Ya Leta? Leta akuje aisafishe." Leta, Papa! Serikali ije isafishe! Nilitaka kumwambia kwamba Leta ilikuwa inaishi nyumba ile pale chini, ilivaa salopeti, na tumeshaizika. Lakini wenzangu walikuwa nyuma yangu na mizigo mgongoni, na jioni nilikuwa na watoto wa kulisha. Nikamwaga.

Basi nikawa na kazi mbili. Mchana nilipandisha mchanga. Jioni nilivaa salopeti yako, nikaikunja miguuni, nikachukua jembe lako na kuuondoa ule ule mchanga kwenye mfereji. Wa kupandisha nililipwa. Wa kuondoa ulikuwa wako, bila mshahara. Siku moja Maman alikuwa anatoka sokoni, akaniona kwa nyuma nimeinama, akakaa chini kizingitini na vikapu vyake akalia. Alidhani ni wewe.

Nilikwenda pia kwa chefu wa mtaa. Alinisikiliza vizuri, siwezi kumsingizia. Alisema fedha za mifereji hazipo tena, tufanye salongo, kazi ya mtaa mzima, Jumamosi. Watu walikuja wengi, tukaimba, tukasafisha mpaka tukaona saruji ya chini. Jumatatu, kabla ya adhuhuri, mfereji ulikuwa umejaa tena.

Halafu ikaja ile mvua. Ilikuja mchana, yenye nguvu, na jembe langu lilikuwa nyumbani. Maji yalifika kwenye kona, yakakuta mchanga, yakatafuta njia nyingine. Njia nyingine ni sisi. Niliyaona nikiwa chini na mzigo mgongoni. Nikasikia matofali yakianguka, nikautupa mzigo nikakimbia, na njia nzima sikuwa na neno lingine kinywani ila jina la Maman.

Kesho yake kapita alifika mlangoni kwa adabu nyingi. Patron, mwenye ghorofa, anasema pole. Patron yuko tayari kununua kiwanja, maana nyumba yenyewe imekwisha kuharibika. Maman alikuwa anafunga kitenge chake. Akamwambia, "Muzee alitoka humu mu sanduku. Na mimi nitatoka vile vile. Umuambie patron yako." Kisha akanitazama. Nikaelewa kwamba zamu ni yangu.

Jana asubuhi nilivaa salopeti yako mapema. Sikwenda kujaza mfuko. Niliingia ndani ya mfereji, nikasimama pale mdomoni, tope likanifika kwenye magoti. Jembe lako nililishika kwa mikono miwili. Wenzangu wakaanza kupanda. Wa mbele alikuwa maman Sifa, yule mjane wa nyuma ya kanisa. Mwenye mzigo mgongoni hasimami kupiga soga, anatua au anapita. Aliinua macho chini ya mkanda wake.

"Nabintu, toka, mama. Inanilemea."

"Mbele kidogo, maman Sifa. Pale ku mulango ya patron."

Kapita akaanza kupiga kelele, "Toka mule! Iko bamaman mingi benye banatafuta hii kazi!" Na ni kweli, wapo, ninawajua kwa majina. Maman Sifa alivuta pumzi. Akanipita. Akapanda ngazi za ghorofa, akamwaga mchanga wake mbele ya lango, juu ya vigae vinavyong'aa vya patron. Wengine wakamfuata. Si wote. Wawili walimwaga miguuni pangu, bila kuniangalia usoni. Siwalaumu, hata mimi nilimwaga hapo hapo. Wa kwao niliuondoa kwa jembe.

Kapita alimpigia patron simu, akazungumza Kifaransa, kichwa ameinamisha. Alipomaliza akasema mchanga upelekwe langoni, leo tu. Nami akaniambia nisirudi.

Alasiri mvua ikanyesha. Maman alisimama mlangoni, mimi nyuma yake. Maji yalishuka mekundu, yakafika kwenye kona, yakaingia mferejini, yakapita mbele yetu yakaenda zake ziwani. Maman akasema, "Imepita." Nikalia, na hata sasa sijui kama nililia kwa furaha au kwa sababu ya njaa inayokuja.

Ndiyo hali yetu, Papa. Mfereji uko wazi, kazi sina, na lile neno "leo tu" halitoki kichwani mwangu. Asubuhi hii redio imesema tena kwamba uchumi unakua. Niliuliza swali lako kwa sauti, unakua kwa nani. Maman akanijibu kutoka jikoni, "Zima iyo redio, wende ku mufereji."

Nitatafuta mchanga kwenye mlima mwingine. Maghorofa hayakosi siku hizi. Lakini ninakuahidi, popote nitakapoambiwa nimwage, kwanza nitatazama chini. Na kabla ya kutoka, na nikirudi, nitapita kwenye mfereji wako, mchanga uwepo au usiwepo. Ukuta wa chumba chako tutausimamisha kiangazi, nikipata matofali. Salopeti nimeitundika kwenye msumari wako. Bado haijakauka, na kesho nitaivaa hivyo hivyo.

Ulale, Papa. Kazi iko.

Mtoto wako,
Nabintu