Saa Niliyoishika Siku ya Mbio za Shee

Jumatano, baada ya alasiri

Tumemzika Shee juzi, na bado namwonea wivu.

Leo binti yake Mwanaesha kaja kuniomba niandike maisha ya babake, mkimbiaji aliyefanya mazoezi na mtoto begani.

"Ami, mimi ndiye niliyemkosesha safari ya mashindano ya Mogadishu. Nilikuwa mchanga, nikamweka macho usiku kucha, asubuhi kwenye mchujo akakimbia hana mbio."

Siku ile, ufukweni Kismayo, saa niliishika mimi. Shee alipofika mwisho, nilichelewa kuibonyeza makusudi, muda wake ukasomeka mrefu. Mkewe alikuwa akimngojea na maji. Mimi sikuwa na wa kuningojea.

Sikutaka kufa nalo. Nikamwambia.

"Kwa hivyo mbio alikuwa nazo?"

"Kuliko wote."

Akacheka huku analia, hata kunilaumu akasahau. Nikamwonea Shee wivu tena.