Ulikuwa Ukijaza Mtungi Wangu

Mama Yasmin,

Mutheu wangu amechimba shimo sasa hivi, hapa chini ya benchi nje ya ofisi ya chifu. Amechimba na vidole tu, akatumbukiza kifuniko cha soda, akainama akasema, "Mama Yasmin, jaza." Nimemvuta mkono kwa nguvu mpaka akalia. Mtoto hajakosa. Ni mimi siwezi kuangalia shimo la mchanga.

Sasa amelala mapajani, naandikia goti moja, kwa hivyo usicheke mwandiko. Ulizoea kunicheka, eti mtu wa darasa la saba anaandika kama kuku amepita.

Tangu utuache, mambo yameharibika hapa Ikutha. Nianzie wapi? Wacha nianzie mtoni.

Unajua desturi yetu: mto ukikauka, aliye ndani ya shimo la mchangani anachota na kujaza kwanza mtungi wa mama mwenye mtoto mgongoni, ndipo ajaze wake. Siku ile zamu ilikuwa yako, na Mutheu alikuwa mgongoni mwangu. Ukaniambia, "Leta wako, wewe. Huyo mtoto anachomwa na jua." Nikakuletea. Nilikusikia ukikwangua na kopo huko chini, ukilalamika kwamba maji yamekimbia Mombasa kutafuta kazi. Tukacheka. Halafu ukingo wa shimo ukakuporomokea wote. Tulifukua kwa mikono, kwa sufuria, kwa chochote. Mama Yasmin, tulifukua.

Watu wa televisheni walikuwa wamekuja upande huu kwa sababu ya ule ugomvi wa ngamia na mashamba, mbali na hapa. Wakipita wakaona umati, wakasimama. Wakakuta Wakamba wamesimama, Msomali amelala, amefunikwa leso. Nafikiri habari yao iliishia hapo. Kijana mwenye kipaza sauti akaniinamia: "Mama, mlikuwa mnapigania maji?" Nililia tu, kamasi na yote.

Jioni hoteli nzima iligeukia televisheni. Ngamia walikuja kwanza, wengi, hata si wa hapa. Kisha vijana wa Kisomali wenye fimbo, sijui walitolewa wapi. Kisha mimi, nalia. Sauti ikasema wafugaji na wenyeji wamepigania maji, mtu mmoja amekufa, wenyeji wanaishi kwa hofu. Hofu yenyewe ilikuwa uso wangu. Nilikuwa nakulilia wewe, wakanigeuza nikawa nakuogopa. Jina lako hawakulitaja. Wewe uliyemzaa Yasmin hapa hapa, uliyekuwa unawaamkia mama wazee sokoni kwa Kikamba kabla wao hawajafungua mdomo, ukaitwa mfugaji. Na hata mbuzi hukuwa naye! Wewe ulikuwa wa chai na mahamri.

Na mimi nikanyamaza. Hapo ndipo roho inaniuma. Kanisani waliniombea kwa yale yaliyonipata, nikainamisha kichwa, nikasema amina. Mama mmoja akaniletea unga, "pole kwa yale hao watu wamekufanyia." Nikapokea. Tuliupika, tukaula.

Tuliokuwa mtoni tunajua ukweli. Lakini Mama Kioko, yule alifukua na mimi mpaka kucha zikatoka damu, alinivuta kando akaniambia, "Wacha tu hivyo. Wakienda, maji itabaki yetu." Nilikuwa nafikiria ule mtungi ulikuwa wa nani.

Yasmin wako akifika mtoni sasa, mtungi wake unasukumwa nyuma na mguu. "Rudi kwenu Garissa!" Garissa yenyewe hajawahi kuiona. Juzi alikuja kwangu, akasimama mlangoni kama mgeni. "Mama Mutheu, kweli mama yangu alipigana?" Siku ile alikuwa amebaki kwa kibanda cha chai, kwa hivyo naye alikuwa na ile ya televisheni peke yake. Nilimwambia yote, hata kwamba ulikuwa ukinichotea mimi. Nikangoja anitukane. Akamchukua Mutheu, akamfuta pua.

Kesho yake niliwapigia wale watu wa televisheni. Dada mmoja akasema pole, habari hiyo imeshapita. Imepita kwao.

Leo chifu na kamati ya maji wanaamua kama Wasomali wataendelea kupanga foleni pamoja nasi, au watatumwa kule chini ambako maji ni chumvi tupu. Nimekuja kusema. Sijawahi kusimama mbele ya baraza. Lakini nina matumaini, usinicheke. Mama Kioko pia amekuja. Ameketi mwisho wa benchi, hataki kunitazama, lakini amekuja mwenyewe, hakuna aliyemwita.

Nisamehe kwa unga ule, na kwa ile amina. Pumzika, rafiki yangu. Nakuahidi Yasmin hatakunywa chumvi wakati mimi bado nina mdomo. Na Mutheu akikua nitamwambia ni nani alimkinga na jua.

Karani amefungua mlango, anamtaka Mama Mutheu. Nimemwonyesha mkono angoje kidogo. Nitaanza na jina lako, Habiba, nilitaje wote wasikie, kisha mtungi, kisha niwaambie kwamba ule uso waliouona kwa televisheni ulikuwa wa mtu aliyefiwa na rafiki yake.