Nguo ya Dirishani, Aija

Sur, Oman

Kwako Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, na natumai goti lako limetulia na kwamba usingizi unaupata. Joto la huku limeanza kulegea. Wanafunzi wangu nao wamenizoea; sasa wananibishia, jambo ambalo, kama ujuavyo, ndilo nilipendalo.

Nimehamia ng'ambo ya hori la bahari, mtaa wa Aija, katika nyumba ya Bi Zuwena, bibi aliyekulia Unguja na ambaye Kiswahili chake kingekufurahisha. Babu zake walikuwa manahodha. Juzi alijisifu mbele yangu: "Chombo chetu kikipeperusha bendera ya Mfaransa, mwanangu. Manowari ya Mwingereza ikikiona, inageuza shingo!"

Mama, nilisikia baridi, na wajua sababu. Bibi Faida, aliyemzaa bibi yako, aliokolewa na Waingereza hao hao kutoka katika chombo cha watumwa. Mdogo wake Tausi, aliyekuwa katika chombo cha pili, akaachwa. Miaka yote mmekuwa mkiuliza: vyombo vyote viwili waliviona, kwa nini wakapekua kimoja?

Jibu ninalo, kwani nililisomea. Jeshi lile la majini lilipangwa kama ngazi. Juu kabisa, London, mabwana wa halmashauri. Chini yao admirali wa Bahari ya Hindi. Chini yake makapteni wa manowari. Na chini kabisa luteni kijana, ameshushwa katika mashua pamoja na mabaharia wachache na mkalimani, avizie vyombo vya watumwa. Luteni huyo hakuwa na ruhusa ya kupekua chombo chenye bendera ya Mfaransa, na bila shaka cha Tausi kilikuwa nayo. Aripoti kwa kapteni, kapteni kwa admirali, admirali kwa London, na London ikazungumze na Paris. Habari zikiwa bado zapanda ngazi, Tausi keshateremshwa huku Sur, kwani vyombo vingi vya bendera hiyo vilikuwa vya hapa. Chuoni nilitetea kwamba utaratibu huo ndio uliolikuza jeshi lile. Bado naamini hivyo, na ndiyo maana silali vizuri.

Kwa maana katika nyumba hii mna desturi. Kila baada ya sala ya alasiri, Rehema, dada wa kazi kutoka Tanga, hutundika kaniki nyeusi kwenye dirisha linalotazama maji, kisha huishusha magharibi. Nilicheka, nikamwuliza Bi Zuwena inakaushwa nini.

"Haikaushwi kitu. Siye tumekuta. Zamani za nyanya yangu palikuwa na mjakazi, kila akiona moshi wa manowari hukimbilia pale akatundika nguo yake, wamwone. Alipokufa, nyanya akasema isiachwe."

"Jina lake nani?"

"Ewe msomi! Nani akiwauliza majina?"

"Basi huna ushahidi alitoka wapi."

"Kwani mie nimekushitaki?"

Jumatano Rehema aliumwa. Alasiri ikapita, dirisha li tupu, nami nikashindwa kusahihisha hata daftari moja. Nilikumbuka neno pekee alilotuachia Bibi Faida kuhusu kuachana kwao: kwamba Tausi aliivua kaniki yake begani, akaipunga mpaka mashua ya Waingereza ikageuka na kumwacha.

Nikainuka, nikaitundika mwenyewe. Adhana ya magharibi ilipolia, Bi Zuwena aliniita kutoka uani: "Ishushe, mwanangu, giza linaingia."

"Bado kidogo, Bibi," nikamjibu.

Ushahidi sina, Mama. Mtu akinibishia kwa hoja, atanishinda.

Nisalimie dada yangu na mumewe, na shangazi anayekupikia siku za maumivu. Mjomba, msomaji wetu wa hitima, mpe salamu zangu pamoja na ombi: vizazi vyote hivi jina la Tausi limekuwa likisomwa miongoni mwa wasafiri, aombewe kurejea. Mwaka huu alisome pamoja na marehemu. Mwambie hayuko safarini tena.

Mwanao akupendaye na kukubishia,
Nassor